Nyaya za Nyumba Janja: Moduli za Redio, Bodi ya Kati au KNX?

Uamuzi wa nyumba janja hufanywa mara mbili: mara ya kwanza fundi umeme anapotandika mabomba na kuvuta nyaya, mara ya pili wakati wa kununua vifaa. Ukikosea wa pili, utaurekebisha kwa bisibisi hata miaka mitano baadaye. Ukikosea wa kwanza, utaurekebisha kwa tindo, kisha lipu, kisha rangi upya. Kwa hiyo hapa hatulinganishi programu za simu wala sura za swichi. Tunalinganisha njia tatu za kupanga nyaya, kwa mtu ambaye kuta zake bado ziko wazi.

Njia ya kwanza ni nyaya za kawaida zilizoboreshwa kidogo, na moduli za redio zikikaa nyuma ya swichi. Ya pili ni bodi ya kati: kila taa na kila swichi ina waya wake unaokwenda moja kwa moja hadi kwenye bodi ya umeme, na maamuzi yote yanafanyika huko. Ya tatu ni KNX, mfumo wenye waya wake maalumu wa amri unaopita kila penye swichi na kihisi.

Ili hesabu zisielee hewani, tutatumia nyumba moja ya mfano: makundi 20 ya taa, sehemu 12 za swichi ukutani, na mapazia 6 ya mota.

Tunapima kwa nini

Maswali ni matano, na ni yale yale kwa kila njia. Ukuta unadai nini sasa, kabla ya lipu? Kitu kimoja kikifa, vingapi vinakufa pamoja nacho? Nani ataweza kuigusa baada ya aliyeifunga kuondoka? Ukitaka kubadilisha matumizi, utabomoa au utabofya tu? Na fedha zinakwenda wapi: kwenye shaba, kwenye vifaa, au kwenye saa za mtu wa kupanga mfumo?

Swali la pili na la tatu ndiyo yanayosahaulika zaidi dukani, na ndiyo yanayouma zaidi baadaye. Swichi ya kawaida hudumu miaka mingi bila mtu kuikumbuka. Mfumo wowote unaochukua nafasi yake unapaswa kupimwa kwa kipimo hicho hicho.

Njia ya kwanza: nyaya za kawaida na moduli za redio

Umeme unafika kwenye boksi la swichi kama ulivyozoeleka, ila ndani ya boksi, nyuma ya swichi, kuna moduli ndogo yenye rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme badala ya mkono) na redio. Swichi haikati tena umeme wa taa. Inaipa moduli ishara, na moduli ndiyo inayowasha na kuzima. Redio yenyewe inaweza kuwa Wi-Fi, Zigbee, Z-Wave au Thread. Jina la Matter, lililotoka rasmi Oktoba 2022, huchanganywa na hizi, lakini si redio. Ni lugha ya pamoja inayopita juu ya Wi-Fi, Thread au waya wa mtandao, ili vifaa vya kampuni tofauti vielewane.

*Ukuta unadai nini.* Kwanza kabisa, nyutro, yaani waya wa kurudisha umeme, kwenye kila boksi la swichi. Katika ufungaji uliozoeleka sehemu nyingi, nyutro huishia juu kwenye taa. Kwenye swichi unashuka waya wa moto peke yake, kisha unarudi juu ukiwa umekatwa. Swichi ya kawaida haihitaji zaidi ya hapo. Moduli, hata ikiwa imezima taa, yenyewe iko macho muda wote na inahitaji umeme wa kujiendesha. Bila nyutro italazimika kupitisha mkondo mdogo ndani ya taa yenyewe, na taa ya LED ya wati chache huufasiri mkondo huo kwa namna yake: inang'aa kidogo usiku kucha, au inamwekamweka. Kuna vikapasita vya kufunga sambamba na taa ili kunyonya mkondo huo. Vinasaidia, lakini kuvipanda kwenye dari la nyumba mpya ni kutibu ugonjwa uliouleta mwenyewe.

Hesabu ya nyaya ni rahisi. Boksi la swichi moja lipate nne: moto, nyutro, waya wa kurudi kwenye taa, na ethi (waya wa ardhini). Boksi la swichi tatu lipate sita, kwa sababu nyaya za kurudi ni tatu. Njia nyepesi ni kumwambia fundi alete umeme kwanza kwenye boksi la swichi, kisha aupeleke kwenye taa, badala ya kuanzia kwenye taa.

Kosa linalofuata ni nyutro ya kuazima. Fundi anakuta boksi halina nyutro, anachukua ya sakiti ya jirani. Taa inawaka, kila mtu anafurahi, hadi siku inapofungwa breka ya uvujaji kwa kila sakiti. Breka hiyo hulinganisha mkondo unaotoka na unaorudi. Ukitoka sakiti moja na kurudi kwa nyingine, inakata kila taa inapowashwa. Hatari kubwa zaidi ni kwamba fundi anayezima breka ya sakiti moja anaweza kukuta nyutro ina umeme wa sakiti nyingine. Nyutro itoke sakiti ile ile ya waya wa moto, bila ubishi.

Pili, kina cha boksi. Maboksi ya milimita 35 yanatosha kwa swichi na nyaya zake tu. Moduli huwa na unene wa milimita 16 hadi 20, na mgongo wa swichi unakula karibu kiasi hicho hicho. Weka ya milimita 47 angalau, na ya 60 pale penye swichi mbili au tatu. Boksi likibana, nyaya hukandamizwa, skrubu za moduli hulegea, na joto halina pa kutokea. Maboksi ya chuma huongeza tatizo jingine: yanaziba redio. Ukuta wenye karatasi ya foili ya kuzuia joto nao hufanya vivyo hivyo.

Swichi zenyewe ziwe za kubonyeza, zinazorudi kama kitufe cha kengele, hasa pale taa moja inapowashwa kutoka sehemu mbili. Moduli nyingi hukubali pia swichi ya kawaida inayobaki ilipoachwa, lakini baada ya kuzima taa kwa simu, swichi ya namna hiyo itakuwa imekaa upande usiolingana na hali ya taa. Wageni huchanganyikiwa kidogo, na watoto hugundua mchezo mpya.

*Kikifa kimoja.* Moduli moja ikifa, inakufa taa moja. Huu ndio ubora mkubwa wa njia hii. Kidhibiti kikuu, kile kifaa kinachoratibu moduli zote, kikizimika, swichi za ukutani zinaendelea, mradi moduli imepangwa kuisikiliza swichi yake moja kwa moja na si kuomba ruhusa kwanza. Hakikisha hilo kwa kuchomoa ruta na kidhibiti, kisha kupita chumba hadi chumba ukibonyeza.

Hatari iko kwenye vifaa vinavyotegemea seva ya mtengenezaji. Mwaka 2016, kampuni ya Nest ilizima huduma ya Revolv, kidhibiti cha nyumba janja, na visanduku vya wateja vikabaki plastiki tupu. Aprili 2022, seva za Insteon, kampuni nyingine ya vifaa vya nyumba janja, zilizimika bila taarifa. Swichi za ukutani ziliendelea kufanya kazi kwa mkono, lakini udhibiti wa simu ulikatika hadi kundi la wateja liliponunua mali za kampuni na kurudisha huduma. Chagua vifaa vinavyofanya kazi ndani ya nyumba hata intaneti ikikatika, na usikubali kuambiwa tu: jaribu kimoja kabla ya kununua thelathini.

Redio nazo zina tabia zake. Zigbee na Thread hutumia masafa ya GHz 2.4, yale yale ya Wi-Fi. Ruta ikiwa kwenye chaneli 1, 6 au 11, chaneli za Zigbee 15, 20 na 25 huangukia kwenye mianya kati yao au pembeni, kwa hiyo anza hapo. Vifaa vinavyokula umeme wa ukutani hupokezana ujumbe na kusaidia vya mbali. Vya betri havifanyi hivyo. Ndiyo maana Zigbee ya vihisi vya betri pekee hulegalega, na ile yenye moduli ishirini ukutani husimama imara. Wi-Fi haina kupokezana huko, na ruta ya kawaida ya nyumbani inaweza kuanza kuchoka vifaa vikifika makumi kadhaa.

*Mikononi mwa nani, na kubadilisha.* Fundi umeme yeyote mwenye uangalifu anaweza kuifunga, na fundi mwingine anaweza kuitoa. Ukichoka na ujanja wote, ondoa moduli, unganisha waya wa moto na swichi, weka swichi ya kawaida, na nyumba imerudi kuwa nyumba. Hakuna njia nyingine kati ya hizi tatu inayotoa mlango wa kutokea ulio mwepesi hivyo. Upande wa pili, una vifaa thelathini vilivyotawanyika ukutani, kila kimoja na programu yake ya kusasishwa, na kila kimoja kikihitaji kufunguliwa swichi ili kukifikia.

*Fedha.* Nyaya zinaongezeka kidogo tu. Gharama iko kwenye vifaa, na unaweza kuvinunua chumba kwa chumba.

*Inamfaa* anayejenga kwa awamu, asiye na uhakika atataka nini, au anayejua kwamba nyumba itapita mikononi mwa mafundi wengi.

Njia ya pili: bodi ya kati

Hapa waya wa kila kundi la taa hauishii kwenye swichi. Unakwenda hadi bodi. Swichi nazo ni vitufe vya volti 24 za mkondo mnyoofu, vilivyounganishwa kwa waya mwembamba, mara nyingi Cat6, waya wa mtandao. Kwenye bodi kuna rilei na kidhibiti, aghalabu PLC, kompyuta ndogo ya kuendesha mitambo ya aina inayotumika viwandani, au kidhibiti cha nyumba kilichotengenezwa kwa kazi hii.

*Ukuta unadai nini.* Shaba nyingi na nafasi kubwa. Katika nyumba yetu ya mfano, nyaya 20 za taa na 6 za mapazia zinaingia kwenye bodi, pamoja na 12 za vitufe: jumla 38. Taa zikiwa wastani wa mita 15 kutoka kwenye bodi, hizo peke yake ni mita 300. Waya mmoja wa Cat6 una nyuzi nane, kwa hiyo unabeba hadi vitufe saba vyenye waya mmoja wa pamoja. Inatosha kwa boksi lolote la ukutani.

Bodi ndiyo inayowashinda wengi. Taa 20 zinahitaji rilei 20. Mapazia 6 yanahitaji 12, moja ya kupanda na moja ya kushuka kwa kila mota. Jumla 32. Moduli za rilei nane nane huchukua nafasi nane hivi kila moja kwenye reli ya bodi, ule ukanda wa chuma vinapopachikwa vifaa, na nafasi moja ni karibu milimita 18. Hizo ni nafasi 32. Ongeza ugavi wa volti 24, kidhibiti na breka, unafika 64 au zaidi. Acha robo ya ziada kwa ajili ya baadaye: nafasi 80, zinazohitaji safu nne za nafasi 24. Halafu viunganishi. Taa 20 zenye nyaya tatu tatu na mapazia 6 yenye nyaya nne nne ni viunganishi 84. Kwa upana wa milimita 5 kila kimoja, vinajaza safu nzima peke yake. Safu tano, basi. Bodi ya ukubwa huo haiingii kwenye kile kidirisha kilichochorwa nyuma ya mlango. Inahitaji ukuta wake, mwanga wa kufanyia kazi, hewa, na mabomba ya kutosha juu yake. Amua mahali hapo kabla ya zege la dari kumwagwa.

Nyaya nyingi zikifungwa fungu moja hupashana joto, na uwezo wake wa kubeba mkondo hupungua. Kwa taa za LED si jambo kubwa. Kwa soketi na hita ni kubwa, hivyo hizo zipite njia yake.

*Kikifa kimoja.* Kidhibiti kikifa, nyumba nzima haisikii vitufe. Hili ndilo doa la njia hii, na halifichiki. Kuna dawa mbili. Ya kwanza ni kuchagua rilei zenye swichi ya mkono juu yake, ili uweze kuwasha taa ukiwa bodini. Ya pili ni bora zaidi: tumia rilei za msukumo, zile zinazogeuza hali kila kitufe kinapobonyezwa na kubaki hapo bila kulishwa umeme. Kitufe kinaunganishwa nayo moja kwa moja, bila ubongo wowote katikati. Kidhibiti kinaongezwa sambamba na kitufe. Kikifa, hakuna atakayetambua hadi pale taa ya nje isipojiwasha jioni. Kasoro yake moja: kidhibiti hakijui kama taa imewaka au imezimwa, isipokuwa rilei iwe na mguso wa pili (sehemu ya ndani inayounganisha na kukata umeme) wa kurudisha taarifa. Agiza zenye mguso huo tangu mwanzo.

Kwa mapazia, usitegemee programu peke yake kuzuia rilei ya kupanda na ya kushuka kuwaka pamoja. Mota ikipata umeme pande zote mbili kwa wakati mmoja huharibika. Kizuizi kiwe cha nyaya: umeme wa rilei ya kushuka upite kwanza kwenye mguso wa rilei ya kupanda unaofunguka inapowaka.

*Mikononi mwa nani.* Kuvuta nyaya ni kazi ya fundi umeme wa kawaida mwenye nidhamu ya kuandika lebo. Kupanga programu ya PLC si kazi yake. Aliyeipanga akiondoka bila kuacha faili ya programu na michoro, umebaki na bodi nzuri usiyoweza kuigusa. Faraja ni kwamba nyaya zote ziko sehemu moja: mtu mwingine anaweza kung'oa kidhibiti, akaweka cha aina nyingine, bila kugusa ukuta.

*Kubadilisha.* Kitufe kipi kinawasha taa ipi ni suala la programu, au la kuhamisha waya mmoja kama umetumia rilei za msukumo. Kuongeza taa mpya ni suala jingine: inahitaji waya mpya hadi bodini. Bila mabomba ya akiba, njia hii ni ngumu kupanuka kuliko zote tatu.

*Fedha.* Shaba, bodi, na kazi ya kuunganisha. Rilei zenyewe kwa kila taa mara nyingi hazizidi bei ya moduli za redio zenye ubora, na hudumu.

*Inamfaa* mwenye nyumba isiyo kubwa sana, mpango wa vyumba uliokwisha kuamuliwa, na mtu wa karibu anayeelewa vidhibiti. Pia anayechukia redio.

Njia ya tatu: KNX

KNX ilizaliwa kwa kuunganisha mifumo mitatu ya Ulaya, EIB, BatiBUS na EHS, na leo ni kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 14543-3. Watengenezaji ni wengi, na kitufe cha mmoja huongea na rilei ya mwingine. Waya wake, ambao kwa kawaida una ganda la kijani, una jozi mbili za nyuzi za milimita 0.8. Nyekundu na nyeusi hubeba amri na umeme wa volti 30 hivi kwa pamoja. Njano na nyeupe ni za akiba.

*Ukuta unadai nini.* Kwa upande wa swichi, kidogo kuliko bodi ya kati. Waya mmoja wa kijani unatoka boksi hadi boksi, unaweza kutawanyika kama matawi au kusambaa kama nyota, ila usifungwe duara. Kipande kimoja kinaruhusu vifaa 64, jumla ya waya mita 1,000, mita 350 kutoka kwenye ugavi hadi kifaa cha mbali zaidi, na mita 700 kati ya vifaa viwili. Nyumba ya familia hukaribia mipaka hiyo kwa nadra. Kila kifaa hula karibu miliampia 10. Vitufe 12, rilei na vihisi vya mwendo vikifika vifaa 25 ni miliampia 250. Ugavi wa 320 unatosha leo, wa 640 unatosha siku zote.

Upande wa taa, tusidanganyane: rilei za KNX bado zinakaa kwenye reli, na nyaya za taa bado zinakwenda kwenye bodi. Unachookoa ni zile nyaya 12 za vitufe na kidhibiti. Nyumba ya ghorofa inaweza kuwa na bodi ndogo kila sakafu, zikiunganishwa kwa waya mmoja tu wa kijani. Hapo ndipo KNX inapoanza kuizidi bodi ya kati waziwazi.

Usibadilishe waya huo na waya wa simu wenye rangi zinazofanana. Waya ulioidhinishwa hupimwa insulesheni yake kwa volti 4,000, ndiyo maana unaweza kupita karibu na nyaya za umeme mkubwa. Wa simu hauna sifa hiyo, na siku insulesheni inapochubuka, umeme wa ukutani utafika kwenye vitufe vinavyoguswa na mikono.

*Kikifa kimoja.* Hakuna ubongo wa kati. Kila kitufe na kila rilei ina kumbukumbu yake. Kitufe kikifa, kinakufa chenyewe. Kiungo dhaifu ni ugavi wa volti 30: ukifa, laini nzima inanyamaza. Kuwa na wa akiba kabatini si anasa. Chagua rilei zenye swichi ya mkono, kama kwenye bodi ya kati.

*Mikononi mwa nani.* Hapa ndipo KNX inapogawa watu. Inapangwa kwa programu moja tu, ETS, bila kujali mtengenezaji. Faida ni kwamba mtaalamu yeyote mwenye ETS anaweza kuendeleza kazi ya mwenzake. Sharti ni kwamba awe na faili ya mradi. Vifaa vyenyewe havirudishi mpango kamili ukavisoma, kwa hiyo faili ikipotea, kwa kiasi kikubwa kazi inaanza upya. Andika kwenye mkataba: malipo ya mwisho hutolewa baada ya kukabidhiwa faili ya mradi, nywila zake, na orodha ya anwani. Halafu uliza ukweli mwingine usiopendeza: kuna wataalamu wangapi wa ETS mahali unapoishi? Akiwa mmoja, una mfumo wazi kwenye karatasi na mfumo uliofungwa maishani.

*Kubadilisha.* Kuongeza kitufe popote waya wa kijani unapopita ni rahisi. Kubadilisha kitufe kiwashe nini ni dakika chache, kwa mwenye ETS.

*Fedha.* Vifaa ni ghali kuliko njia nyingine mbili, na saa za mtaalamu zinaongezeka juu yake. Unacholipia ni miaka: vifaa vya EIB vya miaka ya 1990 bado vinaongea na vya KNX vya leo.

*Inamfaa* mwenye nyumba kubwa au ya ghorofa, anayepanga kukaa humo muda mrefu, na mwenye zaidi ya mtaalamu mmoja wa kumwita.

Yasiyojali umechagua ipi

Rilei na taa za LED. Rilei iliyoandikwa ampia 16 imepimwa kwa mzigo kama wa hita. Draiva ya LED, kile kifaa kinachoilisha taa umeme, inapowashwa, hujaza kapasita zake kwa mkondo wa makumi ya ampia kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Draiva kumi kwenye rilei moja, ingawa jumla ni wati 100 tu, zinaweza kuchomelea miguso yake, na taa isizimike tena. Tafuta rilei zenye kipimo cha mzigo wa kapasita, au zinazowasha volti ikipita sifuri, na gawa taa nyingi kwa makundi.

Hita ya maji ya kilowati 3 hula ampia 13 kwa volti 230, mfululizo. Usiipitishe kwenye moduli ndogo iliyofichwa boksini. Weka kontakta, yaani rilei kubwa ya mizigo mizito, kwenye bodi, na moduli iendeshe koili ya kontakta tu.

Mtandao wa waya ni wa lazima hata kwa asiyetaka nyumba janja. Cat6 kwenda dari kwa ajili ya vituo vya Wi-Fi, kila penye kamera, nyuma ya televisheni, na getini. Usizidi mita 90 ndani ya ukuta. Kamera na vituo vya Wi-Fi vitapata umeme kupitia waya huo huo: kiwango cha kawaida hutoa wati 15.4 kwenye swichi ya mtandao, na kinachofuata wati 30. Kataa waya wa alumini uliopakwa shaba. Ni mwepesi kuliko shaba tupu, unapata moto na kupoteza volti ukibeba umeme. Uache nafasi ya sentimita 20 kutoka kwenye nyaya za umeme zinazokwenda sambamba nao, na ukilazimika kuzivuka, zivuke kwa pembe mraba.

Madirisha yote yapate boksi na bomba juu yake, hata kama pazia la mota ni ndoto ya mbali. Weka bomba tupu la milimita 25 kati ya bodi na kabati la mtandao, jingine hadi juu ya dari, jingine hadi nje, na ndani ya kila moja uzi wa kuvutia. Usijaze bomba zaidi ya asilimia 40 ya nafasi yake.

Kipimo cha insulesheni kwa volti 500 kifanyike kabla moduli au kidhibiti chochote hakijaunganishwa. Kikifanyika baadaye, kitaua vifaa vya elektroniki, na hakuna dhamana itakayokubali. Kisha piga picha kila ukuta, tepu ya kupimia ikionekana ndani ya picha, kabla fundi wa lipu hajaingia.

Kwa hali yako

Ujenzi unakwenda kwa awamu, fedha zinapatikana kidogo kidogo: njia ya kwanza. Lipia sasa nyutro, maboksi yenye kina na mabomba. Moduli zinaweza kusubiri miaka miwili, na hadi hapo swichi za kawaida zitafanya kazi.

Nyumba ya kupangisha au ya kuuza: hiyo hiyo, na pengine bila moduli zozote. Mnunuzi atafurahia nyutro zaidi kuliko programu yako.

Nyumba ya sakafu moja, ramani haitabadilika, na kuna mtu wa kudumu anayeelewa vidhibiti: bodi ya kati yenye rilei za msukumo. Anza bila kidhibiti kabisa, uishi nayo, uongeze ubongo baadaye.

Ghorofa mbili au zaidi, mapazia mengi, taa za kupunguza mwanga, na wataalamu wa ETS wawili au watatu wa kushindanisha: KNX, na bodi ndogo kila sakafu.

Unasita kati ya KNX na ya kwanza: vuta waya wa kijani hadi kila boksi la swichi, uache umeviringishwa ndani ya boksi lake la pembeni, mbali na nyaya za umeme mkubwa. Ila hili lina maana tu kama nyaya za taa nazo zinafika bodini au kwenye boksi la dari linalofikika, maana rilei za KNX zitahitaji pa kuzikutia. Waya wa kijani peke yake, na taa zimefungwa kwa mtindo wa zamani, hautakufikisha popote.

Nusu ya kuta zimeshapigwa lipu: usitindue. Vyumba vilivyo wazi vipate nyutro na maboksi yenye kina. Kwenye vilivyofungwa, hamishia moduli juu kwenye boksi la taa, ambako nyutro tayari ipo. Waya wa moto wa kudumu nao mara nyingi upo hapo. Fundi athibitishe kwa kipimo kwanza. Nyaya mbili zinazoshuka kwenye swichi zitabaki kubeba ishara tu. Chagua moduli inayokubali ishara ya volti za ukutani, na acha kifuniko cha dari kinachofunguka, kwa sababu siku moja itabidi ufike hapo.